Usipotee futi 500: mwongozo kamili wa safari ya urambazaji kwa mwanafunzi wa unavigeta

Mwanafunzi wa unavigeta jeshini, yaani anayesomea kumwongoza rubani njia, huwa hafeli kwa kukosa akili ya hesabu. Hesabu zenyewe ni za kugawanya na kuzidisha. Anafeli kwa sababu akiwa hewani anatazama nje, anaona mto, kisha anainamisha kichwa kuutafuta kwenye ramani. Mito iko mingi, yote imezungukwa na misonobari, na ndege inakula maili 4 kila dakika. Anapoinua kichwa, mto umeshabaki nyuma na yeye hajui yuko wapi.

Wanaoniuliza karibu wote wanauliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti: "Nilijiandaa usiku kucha, mbona nilipotea kwenye kipande cha pili cha njia?" Jibu langu refu ni hili hapa, hatua kwa hatua.

Nafuata siku ya mafunzo ya Pensacola, Florida, wanakosomea manavigeta wa Jeshi la Wanamaji, Marine na Jeshi la Anga la Marekani. Ndege ni T-6A Texan II: injini moja ya propela, viti viwili vya kujirusha, kimoja nyuma ya kingine. Rubani mkufunzi anashika usukani, wewe unampeleka kwa mdomo wako. Kama unasomea kwingine, kanuni na viwango fuata vya kikosi chako. Mbinu ni ileile.

## Vifaa

- Ramani ya 1:500,000 ya eneo zima, pamoja na nakala iliyokatwa kufuata njia yako na kukunjwa iweze kushikwa kwa mkono mmoja
- Rula yenye protrakta, na penseli ngumu iliyochongwa vizuri
- Kikokotoo cha duara, kile cha kuzungusha kwa kidole
- Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na stopwachi ya akiba
- Ubao wa pajani, kadi ya safari, na penseli mbili zilizofungwa kwa uzi
- Orodha ya marekebisho ya ramani ya karibuni
- Ovaroli, buti, glavu, helmeti, barakoa ya oksijeni, na suti ya kubana miguu dhidi ya mvutano
- Chupa ya maji na mifuko miwili ya kutapikia

Usiicheke hiyo ya mwisho. Uzi wa penseli nao usiupuuze: penseli ikidondoka ndani ya T-6 huipati tena mpaka mtue, na kitu kinachozurura chini ya kiti cha kujirusha ni jambo la usalama, lazima kitolewe taarifa.

Na GPS? Ndege inayo, ila mwalimu atataka uifunike. Tangu vita vya Ukraine vianze, mawimbi ya GPS yamekuwa yakivurugwa mara kwa mara maeneo ya Baltiki na mashariki mwa Mediterania. Navigeta anayejua kusoma kioo tu, siku hiyo ni abiria.

## Hatua ya 1: Chora njia, alasiri ya siku iliyotangulia

Anza na kona, yaani sehemu utakazogeukia. Kona nzuri ina sifa tatu: ni kubwa, haina pacha karibu, na imesimama juu ya ardhi. Daraja la reli juu ya mto ni kona. Tangi la maji la mji mdogo, lile lenye miguu mirefu na jina la mji ubavuni, ni alama nzuri sana, na Alabama kusini yamejaa. Bwawa la samaki si kona. Barabara ya vumbi msituni si kona, kwa sababu wakata miti wanafungua mpya kila msimu.

Kila kona itafutie ukuta: kitu kirefu kilicho mbele yake, kinachokuambia umepitiliza. Barabara kuu ya I-65 ni ukuta. Mto Conecuh ni ukuta. Kona isiyo na ukuta ibadilishe, hata kama inapendeza.

Sasa unganisha kona kwa mistari. Pima kila kipande, yaani mstari kati ya kona mbili, nyuzi zake kutoka kaskazini halisi na urefu wake kwa maili za bahari. Maili moja ya bahari ni dakika moja ya latitudo, yaani kilomita 1.852, kwa hiyo unaweza kupima kwa kutumia kipimo cha latitudo kilicho pembeni mwa ramani. Usipimie kipimo cha longitudo. Huko dakika moja ni fupi zaidi, na kila darasa lina mtu anayefanya hivyo.

Kisha kata kila mstari kwa vijistari vya dakika. Ukichagua kasi ya ardhini, yaani mwendo wako ukipimwa juu ya ardhi, ya noti 240 (maili za bahari 240 kwa saa), dakika moja ni maili 4 kamili, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua 240 na si 230: hewani hutaki desimali. Andika dakika kando ya kila kijistari: 1, 2, 3.

Onyo la minara. Ramani iliyochapwa haina mnara uliojengwa baada ya kuchapwa. Pitia orodha ya marekebisho mnara kwa mnara, uchore kila mmoja ulio ndani ya maili 5 za njia yako. Marekani kuna minara ya televisheni inayokaribia futi 2,000, nawe utakuwa futi 500 kutoka ardhini. Nyaya zinazoishikilia zinasambaa mbali na mnara wenyewe na hazionekani mpaka uwe juu yake. Kazi hii inachosha, na ndiyo ya pekee katika mwongozo huu inayoweza kukuua ukiiruka.

Kama unatumia njia rasmi ya mafunzo ya kijeshi, soma namba yake. Njia ya VR (ya kuruka kwa kuona kwa macho) yenye tarakimu nne iko yote futi 1,500 kutoka ardhini au chini ya hapo. Yenye tarakimu tatu ina angalau sehemu moja iliyo juu ya hapo.

*Umefanikiwa ikiwa:* mwenzako ambaye hajaiona njia yako anaishika ramani, anaweka kidole dakika ya 4 ya kipande chochote, na kukutajia atakachokiona kushoto na kulia bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Utie upepo hesabuni

Hapa ndipo wengi wanapotelea wakiwa bado mezani. Twende na mfano wa kubuni.

Kipande: nyuzi 040 halisi, maili 28. Upepo: kutoka 280, noti 24. Tofauti ya sumaku kwenye ramani, yaani kati ya kaskazini halisi na kaskazini ya dira: nyuzi 3 magharibi.

Kwanza, upepo unatoka wapi? Chora mshale. Usikubali kuufanya kichwani. Unaelekea 040, mgongo wako uko 220. Upepo unatoka 280, nyuzi 60 kutoka mgongoni, upande wa kushoto. Kwa hiyo unakusukuma kulia, na pia unakusaidia mbele.

Pili, ugawe. Kwa pembe ya nyuzi 60, ubavuni unapata takriban 0.9 ya upepo na mgongoni nusu. Ubavuni: karibu noti 21. Mgongoni: noti 12.

Tatu, nyuzi za kusahihisha. Gawa upepo wa ubavuni kwa maili unazokwenda kwa dakika: 21 ÷ 4 ni kama 5. Inafanya kazi kwa sababu ukikosea nyuzi 1, baada ya maili 60 uko nje ya mstari kwa maili 1. Kanuni hii ya 60 kwa 1 ishike vizuri, utaitumia tena hewani.

Nne, geukia upepo unakotoka. Unatoka kushoto, geuka kushoto: 040 toa 5, unapata 035 halisi. Anayegeuka kulia anafika maili 5 pembeni ya kona yake akiwa na uhakika wote duniani.

Tano, sumaku. Magharibi ongeza, mashariki toa. 035 na 3, unapata 038. Hiyo ndiyo namba utakayomtamkia rubani.

Sita, kasi. Unataka 240 ardhini na upepo unakupa 12, kwa hiyo hewani unahitaji 228. Lakini mita ya kasi haisomi kasi halisi ya hewani. Siku ya nyuzi joto 30 karibu na ardhi, 228 halisi inaonekana kwenye mita kama 218 hivi. Kikokotoo cha duara ndicho kinachokupa namba hii, na kukisahau ni kufika kila kona mapema usijue kwa nini.

Saba, muda. 28 ÷ 4 ni dakika 7.

Onyo: upepo unaousoma kwenye karatasi ya hali ya hewa hupimwa kutoka kaskazini halisi. Ule unaotamkiwa redioni na mnara wa uwanja ni wa sumaku. Ukichanganya, Pensacola utapoteza nyuzi 3 tu na pengine usigundue. Siku ukihamishiwa mahali ambapo tofauti ni nyuzi 15, utagundua.

*Umefanikiwa ikiwa:* kila kipande ukikitazama unaweza kusema kwa jicho tu, "upepo kushoto, nageuka kushoto, unanisukuma kwa nyuma, nguvu ya injini napunguza." Namba ikipingana na sentensi hiyo, namba ndiyo mbovu.

## Hatua ya 3: Kadi ya safari na mafuta

Kadi iwe na safu chache: kona, uelekeo wa sumaku, kasi ya kwenye mita, dakika za kipande, dakika jumla, mafuta yanayotakiwa kubaki. Andika kubwa. Mkono unatetemeka kule chini, macho nayo pia.

Mafuta yanahesabiwa kwa paundi. Tuseme ndege inakula 540 kwa saa, yaani 9 kwa dakika. Kipande chetu cha dakika 7 ni paundi 63. Kisha tafuta bingo: kiwango ambacho ukikifikia unarudi nyumbani, hakuna mjadala. Kona ya mbali iko maili 45 kutoka uwanjani, ni kama dakika 12, paundi 108. Ongeza akiba ya kitabu cha kikosi, tuseme 200. Inakuwa 308, andika 310. Kila mara kadiria kwenda juu.

## Hatua ya 4: Ruka ukiwa kwenye kiti

Huu ndio usiku wenyewe, na hiki ndicho kipimo kinachowatenganisha wanaofaulu na wanaorudia.

Kaa kwenye kiti cha kawaida, ramani mkono wa kushoto, kadi pajani, saa mbele yako. Anza stopwachi. Ruka njia yote kwa muda wake halisi, ukitamka kwa sauti kila neno utakalomwambia rubani. Kipande cha dakika 7 kichukue dakika 7. Wanafunzi wengi wanakimbiza kwa dakika moja na kujiona wako tayari. Hawajafanya zoezi lolote, kwa sababu ugumu wa kule juu ni kujua la kufanya katika sekunde 40 ambazo hakuna kinachotokea.

Mwenzako wa chumba atakuona umerukwa na akili, labda kama naye yuko kwenye kiti chake anaongea peke yake. Pensacola ni jambo la kawaida kupita korido usiku ukasikia sauti tatu nyuma ya milango mitatu, kila moja ikiamuru ndege isiyokuwepo igeuke kulia.

Kisha lala. Sheria ya Jeshi la Anga inataka saa 12 za mapumziko kabla ya zamu ya kuruka, ndani yake nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Pombe ni marufuku saa 12 kabla ya safari. Anayekesha mpaka saa tisa usiku akipamba ramani kwa rangi, kesho yake anasahau kuanzisha saa.

## Hatua ya 5: Asubuhi

Fika mapema, angalia hali ya hewa na matangazo ya anga kabla mwalimu hajakuuliza. Kwa njia ya VR unahitaji dari ya mawingu isiyopungua futi 3,000 na uwezo wa kuona maili 5. Kiangazi cha Florida radi hujengeka mchana, kwa hiyo safari ya asubuhi ina nafasi nzuri kuliko ya alasiri.

Upepo umebadilika tangu jana? Rudia Hatua ya 2 yote. Usirekebishe "kidogo kidogo".

Kisha kuna zoezi la dharura mbele ya darasa. Unasimamishwa, unapewa tatizo (taa ya moto, injini inapoteza nguvu), nawe unajibu mbele ya wenzako wote. Mpangilio wa Jeshi la Anga haubadiliki: dhibiti ndege, chambua hali, chukua hatua sahihi, tua mara hali inaporuhusu. Hatua za kukariri zitamke neno kwa neno kama zilivyoandikwa. Hapa ufasaha wako binafsi hautakiwi. Ukikwama, sema "bado nadhibiti ndege" upate pumzi. Ni jibu sahihi pia.

Kula kitu kikavu na chepesi, kunywa maji. Kichefuchefu kinawapata wengi mwanzoni, kwa sababu unatazama ramani huku ndege ikilala huku na huku. Mwambie mwalimu mapema; msaada upo, pamoja na mazoezi ya kiti kinachozunguka. Anayeficha ndiye anayechelewa.

## Hatua ya 6: Saa, ramani, ardhi

Kwenye kona ya kwanza, ndege ikiwa juu ya alama: anzisha saa, tamka uelekeo, tamka kasi. Fuata mpangilio huo bila kuubadilisha. Saa kwanza, kwa sababu uelekeo unaweza kuusoma tena kwenye kadi, lakini muda uliopita haurudi.

Baada ya hapo mzunguko ni mmoja tu:

1. Saa: ni dakika ngapi?
2. Ramani: kwa dakika hiyo, ninatakiwa kuona nini, na upande gani?
3. Ardhi: kipo?

Usianze na ardhi hata siku moja. Ardhi ina vitu elfu, ramani yako kwa dakika hiyo ina viwili au vitatu.

Hivi ndivyo dakika moja inavyokuwa ndani ya chumba cha rubani. Dakika 2 na sekunde 40. Kidole gumba kiko kwenye kijistari cha 3. Ramani inasema: sekunde 50 mbele, daraja la reli juu ya mto, kulia kidogo ya pua, mnara wa futi 400, kushoto, maili 2. Unatamka, ukitaja upande kwa uso wa saa ambao pua ya ndege ni 12: "Daraja la reli, saa moja, sekunde 50. Mnara kushoto, saa kumi, maili 2." Rubani anajibu, "Mnara nauona." Wewe huutafuti mto bado. Unaangalia mafuta, unalinganisha na kadi, unarudi kwenye saa. Dakika 3 na sekunde 20, unainua macho, unatazama mahali pamoja tu. Chuma cha daraja kinang'aa katikati ya miti. Dakika 3 na sekunde 30, linapita chini ya bawa la kushoto. Lilitakiwa kupita kulia kidogo, sasa liko kushoto: upepo umekusukuma kulia. Hamisha kidole gumba.

Tamka mambo kabla hayajafika. "Tulipita daraja" haimsaidii rubani.

Ukifika kona, usisahau kwamba ndege haikunji kama kalamu. Kwa kasi ya 240 ikilala nyuzi 45, mzunguko una nusu kipenyo cha takriban maili 0.8. Ukigeuka nyuzi 90 baada ya kupita juu ya kona, unatoka kando ya mstari mpya kwa kiasi hicho. Chora upinde huo kwenye ramani usiku.

## Hatua ya 7: Kurekebisha

Uko nje ya mstari. Nusu ya kipande, maili 14, uko maili 1 kulia. 60 ÷ 14 ni kama nyuzi 4. Nyuzi 4 kushoto zinakuzuia usizidi kupotoka. Nyingine 4 zinakurudisha mstarini kufikia kona. Jumla 8. Fanya badiliko moja, lishike, subiri alama inayofuata. Anayerekebisha kila sekunde 20 hajui tena uelekeo gani ulimpeleka wapi.

Umechelewa. Ongeza asilimia 10 ya kasi, ushikilie kwa muda ulio mara 10 ya ucheleweshaji. Umechelewa sekunde 20? Ongeza noti 24 kwa sekunde 200, kisha rudi kwenye kasi ya kadi. Wanaosahau hiyo sehemu ya mwisho ni wengi.

Alama haijaonekana. Usiitafute kwa kuzunguka. Shika uelekeo, shika saa, nenda alama inayofuata. Alama moja ikikosekana, ni alama tu, haijawa kupotea. Zikikosekana mbili mfululizo, nenda Hatua ya 8.

## Hatua ya 8: Umepotea kweli

Kiri, panda, tunza mafuta, ongea, fuata.

Kiri kwa sauti: "Afande, sina uhakika wa mahali tulipo." Maksi utakazopoteza kwa sentensi hiyo ni chache kuliko utakazopoteza kwa kuzunguka kimya huku ukisoma ramani kichwa chini. Kisha pandisha ndege: juu unaona mbali, redio inafika mbali, na minara inabaki chini. Punguza kasi uokoe mafuta. Ongea na waongozaji wa eneo; ukikosa wote, 121.5 ni masafa ya dharura, na 7700 ndiyo namba ya kuweka kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, ikiwa hali ni ya dharura. Ukipewa uelekeo, ufuate.

Kama ulichagua ukuta, bado unao. Geukia upande wake na uende hadi uukute.

## Hatua ya 9: Tathmini

Kabla mwalimu hajafika mezani, chora kwa rangi nyingine njia uliyopita kweli, na uandike kando ya kila kona sekunde ulizowahi au kuchelewa. Usiirembe ramani ionekane nzuri. Rekodi ya ndege anayo.

Kila kosa litafutie chanzo, usiishie kwenye dalili. "Nilichelewa kona ya tatu" ni dalili. "Nilibadilisha upepo asubuhi kwenye uelekeo lakini si kwenye kasi" ni chanzo, na kinarekebishika usiku huu huu. Andika chanzo kimoja au viwili juu ya kadi tupu ya kesho, kwa penseli, sehemu ambayo utakuwa umeikodolea macho wakati wa Hatua ya 4.

*Umefanikiwa ikiwa:* mwalimu anapouliza "kwa nini tulikuwa kulia ya daraja?" unajibu kwa nyuzi na noti kabla hajageuza ukurasa.